Kurudi kuchora kwa kusikiliza: michezo ya redio, vitabu vya hekaya na penseli ya 2B

Mtu aliyeacha kuchora tangu shuleni akirudi ukubwani hukutana na tatizo ambalo halimkuti mtoto: jicho lake limekua, mkono umebaki pale pale. Miaka yote penseli ilipokuwa imelala, macho yaliendelea kutazama katuni, majalada ya vitabu na filamu, na yakajifunza kutambua mchoro mzuri. Mkono haukujifunza chochote. Kwa hiyo mstari wa kwanza ukitua tu kwenye karatasi, jicho linaukataa na daftari linafungwa. Uchungu wake ni mkubwa kuliko anavyodhani asiyepitia, na wengi huishia hapo wakiamini kipaji kimekufa.

Njia iliyonirudisha, na ambayo naipendekeza kwa yeyote anayependa hekaya za majoka, majitu na miji iliyopotea, ni kuchora huku ukisikiliza mchezo wa redio, kisha kuviendea vitabu vya hekaya vyenye picha ukiwa na swali mkononi. Sikio linatangulia na kitabu kinafuata. Ukigeuza mpangilio huo, ukaanza na vitabu, unarudi kule kule kwa jicho linalokataa.

Sababu ni kwamba redio haikuonyeshi kitu. Waliofuatilia Twende na Wakati, mchezo ulioanza Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, walimjua Mkwaju, yule dereva wa lori, kwa sauti na vituko vyake, na kila nyumba ilikuwa na Mkwaju wake. Hakuna picha rasmi ya kukusuta. Ukimchora mnene au mwembamba, mwenye kofia au kichwa wazi, hakuna atakayesema umekosea, na jicho lako kali halina cha kulinganisha nacho. Kwa mtu anayerudi, hiyo ni ahueni kubwa.

Chagua mchezo mrefu wenye vipindi vingi. Mfano ninaoupenda ni hekaya ya pete, The Lord of the Rings, ya mwandishi Mwingereza J.R.R. Tolkien, ilivyoandikwa upya kwa redio na Brian Sibley na Michael Bakewell, ikarushwa na BBC mwaka 1981 kwa vipindi 26 vya nusu saa, mwigizaji Ian Holm akiwa Frodo, mhusika mkuu. Faida ya urefu ni kwamba mhusika yule yule anakurudia kipindi baada ya kipindi, nawe unamchora tena na tena bila kuhisi kwamba unafanya zoezi. Mchezo wa dakika kumi na tano unaoisha siku hiyo hiyo hauna nafasi hiyo. Asiyekuwa na Kiingereza cha kufuatilia asikate tamaa, nitafika kwenye hekaya za Kiswahili.

Kuhusu vifaa, jizuie. Kosa linalokula fedha nyingi ni kununua seti nzima ya penseli kumi na mbili, rangi za maji na daftari la bei kwa furaha ya kurudi. Daftari la bei linaogopesha, na linabaki jeupe kwa sababu hakuna ukurasa unaoonekana kustahili kuharibiwa. Anza na penseli mbili: HB, yenye ugumu wa kati, kwa kutafuta umbo, na 2B, laini na nyeusi zaidi, kwa mistari ya mwisho na vivuli. Ya 4B ongeza baadaye, kwa kuwa ni laini zaidi, inachafua haraka na kuisha haraka. Karatasi za fotokopi za A4 zenye gramu 80 kwa mita ya mraba zikikunjwa katikati na kushonwa au kupigwa pini zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Ukihamia kwenye daftari la kuchorea, tafuta karatasi ya gramu 120 hadi 160, yenye ukwaru kidogo. Karatasi inayong'aa haishiki penseli. Rangi za maji ziache kwanza, maana zinataka karatasi ya gramu 300. Chini ya hapo karatasi inajikunja ikilowa, rangi inakusanyika mabondeni, na utadhani mkono wako ndio mbovu.

Chonga penseli kwa wembe badala ya kichongeo. Ondoa mti kiasi cha sentimita mbili, risasi ibaki wazi milimita saba au nane. Ncha ndefu namna hiyo inakupa mstari mwembamba ukiisimamisha na kivuli kipana ukiilaza, kwa hiyo penseli moja inafanya kazi ya mbili. Kata ukisukuma wembe kwenda mbele, mbali na kidole gumba.

Sasa kusikiliza kwenyewe. Mara ya kwanza usichore. Funga macho, sikiliza kipindi chote, fuata kisa. Anayechora mara ya kwanza anapoteza yote mawili: kisa kinampita, na picha anayoichora ni ile ya kwanza kumjia kichwani, ambayo karibu kila mara ameiona mahali fulani. Mara ya pili chora visanduku vidogo, sentimita nne kwa sita, kimoja kwa kila onyesho. Ndani ya kisanduku usiweke sura wala vidole. Weka mambo matatu tu: ardhi iko wapi, watu wako wapi, giza liko wapi. Dakika mbili kwa kimoja zinatosha, na onyesho likibadilika nenda kwenye kisanduku kingine hata kama hukumaliza. Udogo huo ndio kinga yako, kwa kuwa jicho halina cha kukosoa ndani ya sentimita nne. Mara ya tatu ni siku nyingine: chagua kisanduku kimoja na ukikuze hadi A5, nusu ya karatasi ya A4, bila kuwasha redio.

Wengi wanasikiliza maneno na kusahau sauti, ilhali sauti ndiyo inayokuchorea nusu ya picha. Mwangwi mrefu maana yake kuta za mawe na dari ya juu, basi mtu awe mdogo sana ndani ya fremu, labda sehemu moja ya kumi ya urefu wa ukuta. Sauti kavu isiyo na mwangwi ni msituni, jangwani, au chumba chenye mazulia na mapazia. Mwigizaji aliye karibu na maikrofoni, unayesikia hata pumzi yake, anataka picha ya uso na mabega. Anayeita kutoka mbali anataka doa dogo karibu na upeo wa macho. Mlango unaochukua muda kufunga ni mzito, mpe mbao nene na bawaba za chuma. Nyayo kwenye changarawe, kwenye mbao na kwenye jiwe hazifanani, na kila moja inakupa sakafu ya kuchora.

Kwa wanaojiuliza sauti hizo hutoka wapi: kwato za farasi kwenye studio za zamani zilikuwa vifuu viwili vya nazi vinavyogongwa juu ya mchanga au mbao, na ngurumo ilikuwa bati kubwa jembamba linalotikiswa. Ukijua hivyo unasikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu kila sauti kuna mtu aliyeamua iwepo. Kama amejisumbua kuweka mnyororo unaoburuzwa, basi mnyororo una kazi kwenye picha yako.

Tumia hedifoni zenye pande mbili. Mchezo uliorekodiwa kwa stereo unamweka mhusika kushoto, kulia au katikati, na wakati mwingine anatembea kutoka upande hadi upande. Mweke kwenye kisanduku pale pale unapomsikia. Spika moja ya simu inafuta habari hiyo yote.

Kinachowasumbua sana wanaorudi ni kuchagua tukio. Kila mtu hukimbilia kilele, upanga unaposhuka au joka linapotema moto. Picha hizo ndizo ngumu kuliko zote kwa sababu miili imejipinda, na ndizo zinazofanana na picha za watu wengine. Alan Lee, Mwingereza aliyechora picha 50 za rangi za maji kwa toleo la 1991 la hekaya ile ya Tolkien, ameeleza kwamba alichagua kuwafuata mashujaa kwa mbali na kuepuka kurudia vilele vya kisa. Mimi naona hilo ni somo la ufundi kabla ya kuwa la adabu kwa msomaji. Muda mfupi kabla ya tukio au baada yake watu wamesimama, wamekaa, wanasubiri, na miili iliyotulia mkono unaorudi unaiweza.

Chukua kisa cha Fumo Liongo. Kilele kinachojulikana ni mwanawe kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa usingizini. Ukijaribu kukichora utahangaika na mikono miwili, sindano ndogo isiyoonekana, na mwili uliolala ambao kuuchora unavyoonekana umefupika ukitazamwa kutoka miguuni ni kazi ya miaka. Sasa sogea mbele kidogo. Liongo ameamka, amechukua upinde na mishale, amekwenda hadi karibu na kisima, amepiga goti, ameutia mshale kwenye upinde, na amekata roho akiwa hivyo hivyo. Watu wa mji wanamwona wanadhani yu hai, na hakuna anayethubutu kwenda kuteka maji. Simama nyuma ya wale watu. Karibu nawe kuna migongo mitatu ya wanawake wenye mitungi mitupu, mikubwa kwenye fremu na ya giza. Katikati ni uwanja mtupu wenye mwanga mkali wa jua. Mbali kabisa, mdogo kama ukucha, mtu aliyepiga goti. Hakuna uso hata mmoja wa kuchora, na bado hofu yote imo. Onyesho hilo ukilifanya kwa toni tatu tu, nyeupe ya karatasi, kijivu cha penseli iliyolazwa na weusi wa 2B uliokandamizwa, utapata mchoro unaosimama wenyewe.

Kanuni moja itakusaidia kwenye umati kama huo. Ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare, upeo wa macho uko kwenye kimo cha macho yako. Watu wote wenye kimo kama chako, wawe karibu au mbali, macho yao yatakuwa kwenye mstari huo huo, na miguu yao ndiyo inayopanda au kushuka. Chora mstari wa upeo kwanza, tundika vichwa macho yakiwa kwenye mstari huo, kisha shusha miguu kulingana na umbali. Anayesahau hili anachora watu wanaoelea.

Baada ya visanduku ndipo vitabu. Usivifungue kwa kuvinjari tu, fungua kwa swali: mti wenye mizizi mikubwa unashikaje ardhi, ukungu unachorwaje, kivuli cha pango kinaishia wapi? Arthur Rackham, mchoraji Mwingereza wa vitabu aliyeishi kati ya 1867 na 1939, ni mwalimu mzuri wa mistari. Alianza kwa penseli, akapitisha wino, kisha akatandaza rangi nyepesi za maji tabaka juu ya tabaka, nyingi zikiwa za kahawia na kijivu. Namna hiyo iliendana na uchapaji wa rangi tatu wa wakati wake, maana mstari mweusi ulilishika umbo hata rangi zilipokuwa hafifu. Kwako pia mstari utakushikia umbo, kwa hiyo usijilaumu kwa kuchelewa kuingia kwenye rangi.

Tolkien mwenyewe alichora picha za wino na ramani za The Hobbit, kitabu chake cha 1937, na hakuficha kwamba watu walimshinda. Ukitazama michoro yake utaona alivyozunguka udhaifu huo: milima, miti na milango ndiyo mikubwa, na watu ni wadogo au hawapo. Hakuna aibu kufanya hivyo mwaka mzima.

Namna ya kunakili ni hii. Chagua kipande cha picha, si picha nzima, kama kona yenye mizizi au bega lenye joho. Nakili kwa dakika ishirini ukihesabu toni tatu tu. Funga kitabu. Chora tena kwa kumbukumbu, kisha fungua ulinganishe. Pale ulipokosea kwenye mchoro wa pili ndipo hukuelewa, na hapo ndipo pa kurudia kesho. Mchoro wa kwanza unaweza kuutupa. Kukandamiza karatasi juu ya kioo cha simu na kufuatisha hakukufundishi chochote, kwa kuwa mkono unafuata mstari bila akili kuuliza mstari umetoka wapi. Na kilichonakiliwa kibaki daftarini, usikitangaze kama chako.

Kwa mistari ya kivuli, acha nafasi ya milimita moja hivi kati ya mstari na mstari, na ifuate umbo la kitu: ya mviringo kwenye shina, ya wima kwenye ukuta. Ukitaka kuongeza giza, pitisha safu ya pili kwa pembe ndogo, kama nyuzi 30. Safu inayokata ya kwanza kwa nyuzi 90 inaleta vyumba vya wavu, na jicho linaona wavu badala ya kivuli.

Viumbe wa hekaya usiwaokote kwenye mawazo matupu, wala kwenye majoka ya watu wengine. Joka linaloaminika limeundwa kwa wanyama walioonwa. Mtazame kenge anapotembea: viwiko vimetokeza nje, kiwiliwili kinajipinda kushoto na kulia, na mkia unafuata nyuma. Hiyo ndiyo miguu ya joka. Kwa mabawa mtazame popo. Kisiwani Pemba wapo popo wakubwa walao matunda, na pale Kidike wanaonekana wakining'inia mitini mchana. Mabawa yao yakitanuka yanafika mita moja na nusu hivi. Angalia bawa moja kwa makini: ni mkono. Kuna bega, kiwiko, kifundo, kidole gumba kifupi chenye ukucha kilichobaki huru, kisha vidole vinne virefu vinavyotanua ngozi. Ngozi hiyo inaanzia bavuni hadi mguuni, na inalegea bawa linapokunjwa, ikifanya mikunjo inayokutana kwenye kifundo. Chora mifupa kwanza, ngozi baadaye. Mabawa ya majoka mengi ya wanaoanza yanaonekana yamebandikwa mgongoni kwa sababu hayana bega.

Majumba vilevile. Anayeishi pwani ana hazina ambayo wachoraji wa Ulaya wangeisafiria. Magofu ya Gedi, karibu na Watamu nchini Kenya, yana kuta za matumbawe, milango ya tao lenye ncha, na mizizi ya miti iliyokumbatia mawe. Kilwa Kisiwani kuna msikiti mkuu wenye safu za nguzo na kuba, na kule Husuni Kubwa, magofu ya jumba la sultani, kuna birika la pembe nane linaloitazama bahari. Ukienda, chora asubuhi kabla ya saa tatu au jioni baada ya saa kumi, jua likiwa limeinama. Saa sita vivuli vinaisha na kuta zote zinakuwa bapa. Andika pembeni mwa mchoro mwanga unatoka upande gani, kwa sababu ukirudi nyumbani hutakumbuka.

Sura zitakuja. Mervyn Peake, aliyekuwa mwandishi na mchoraji kwa pamoja, alichora wahusika wake ndani ya miswada yake ili kuwaona na kujua wangesema nini. Wewe fanya kinyume: umeshasikia wanavyosema, sasa tafuta kichwa kinachoweza kutoa sauti hiyo. Sauti ya puani, sauti ya kifuani, sauti ya mtu asiye na meno, kila moja ina taya lake. Jaza ukurasa mmoja kwa vichwa kumi na viwili vya sauti moja, kila kimoja ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Cha tisa au cha kumi mara nyingi ndicho chenyewe, baada ya sura za kawaida kukuishia.

Kuna wakati katikati ya safari hii raha inapotea. Ule msisimko wa kurudi umekwisha, na uwezo haujaonekana bado. Usinunue kifaa kipya wakati huo, ndiyo tiba ya uongo inayowavuta wengi. Punguza badala ya kuongeza: visanduku vitatu kwa kipindi badala ya kumi, lakini usiruke kipindi. Usifute pia. Mstari uliokosea uache, pitisha mwingine pembeni yake, kwa sababu ukiufuta utaurudia pale pale. Weka tarehe kila ukurasa na jina la kipindi ulichosikiliza. Na michoro ya miezi ya mwanzo usimwonyeshe kila mtu. Mtu mmoja anayeipenda hekaya hiyo hiyo anatosha, kwa kuwa atakuuliza kuhusu kisa badala ya kukupa alama.

Ukianza kutumia wino, jaribu kalamu kabla ya kuipitishia maji: chora mstari, subiri dakika tano, pitisha brashi iliyolowa. Ukitiririka, kalamu hiyo ni ya michoro mikavu tu. Biro ya kawaida inafaa kuliko inavyosifiwa, kwani ukiigusa kidogo inatoa kijivu na ukiikandamiza inatoa weusi. Futa ncha yake mara kwa mara kwa kitambaa, la sivyo itaacha madonge. Kwa penseli, weka kipande cha karatasi chini ya kiganja ili usisugue ulichokwisha kuchora.

Sasa kwa anayetaka kusikiliza hekaya kwa Kiswahili na hajapata mchezo wa redio wa aina hiyo: rekodi wako. Mwombe bibi, mjomba au rafiki mwenye sauti nzuri akusimulie au akusomee kisa kwa dakika kumi. Simu iwekwe kiasi cha shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, pembeni kidogo isipigwe na pumzi. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa kinanyonya mwangwi, jikoni kwenye vigae kunauongeza, na unaweza kuutumia makusudi kwa onyesho la pangoni. Zima feni, zima friji. Mwambie msimuliaji asikuelezee sura za watu, ataje wanachofanya na wanachosema tu, na anapofika mahali pa hatari anyamaze kwa muda kabla ya kuendelea. Ule muda wa kimya ndio utakaotumia kuchora kisanduku.